Kuutazama Moyo kwa Nyuma: Mwangwi wa Umioni Wakati wa Upasuaji

Tonge la ugali linapomezwa hupita mahali ambapo watu wengi hawapafikirii kabisa. Likishatoka kinywani huingia katika umio, yaani ule mrija wa nyama wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, likashuka nyuma ya koo la hewa hata likafika kifuani, nyuma ya moyo. Hapo, kati ya tonge na damu iliyomo moyoni, hapana mfupa wala pafu. Pana ukuta wa umio wenyewe, utando unaoufunika moyo, na ukuta mwembamba wa atiria ya kushoto, ambayo ni chumba cha juu kipokeacho damu itokayo mapafuni. Vyote hivyo kwa pamoja unene wake ni milimita chache tu.

Ujirani huu ulijulikana kwa madaktari tangu zamani. Mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na atiria iliyopanuka alinyweshwa uji mweupe wa bariamu, kisha akapigwa picha ya eksirei. Umio ulioonekana umesukumwa nyuma ukapinda kama upinde ulikuwa ushahidi wa kutosha. Wako hata wagonjwa ambao atiria yao imekuwa kubwa kiasi cha kuwazuia kumeza chakula vizuri. Ilikuwa imejulikana, basi, kwamba moyo waweza kuusukuma umio. Lililobaki lilikuwa mtu kufikiri kinyume chake: kwamba aliyeko ndani ya umio aweza kuutazama moyo.

Wazo hilo ndilo lililozaa kipimo kinachoelezwa hapa, ambacho leo ni jicho la daktari wa usingizi katika upasuaji wa moyo. Ili kufahamu jinsi kinavyofanya kazi, yafaa kuanzia mbali kidogo na hospitali.

Kugonga na kusikiliza

Katika mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, malori yaendayo Zambia na Kongo husimama kwa foleni kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Aliyekaa hapo kwa muda atamwona utingo akilizunguka lori, kipande cha chuma mkononi, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Macho yake hayana kazi kubwa hapo, kwani anasikiliza. Gurudumu lililojaa upepo hujibu kwa mlio mmoja, na lililopungua hujibu kwa mlio mwingine. Utingo amepeleka mtetemo ndani ya kitu asichoweza kukifungua, na kutokana na kile kilichorudi akajua hali ya ndani.

Mafundi wa chuma hufanya vivyo hivyo kwa ustadi zaidi. Reli zichunguzwapo nyufa zilizojificha, hupelekewa mawimbi ya sauti yenye mitetemo mingi mno, kiasi kwamba sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Palipo na ufa, sehemu ya wimbi hurudi mapema kuliko inavyotarajiwa. Chombo cha aina hii, kilichotengenezwa kwa ajili ya chuma, ndicho babu wa kipimo cha moyo. Katika mji wa Lund, nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima chombo kimoja kilichokuwa kikitafutia dosari katika metali, na mwishoni mwa Oktoba 1953 wakapata kwa mara ya kwanza alama za mwangwi kutoka katika moyo hai unaopiga.

Sauti hizo hutoka katika fuwele. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Na muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba zikipewa umeme hutetemeka. Fuwele moja, kwa hiyo, yaweza kuwa mdomo na sikio kwa zamu: hupewa umeme ikapiga kelele fupi, kisha hunyamaza na kungoja mwangwi uikandamize ili itoe umeme.

Mwanafunzi aweza kupiga hesabu ifuatayo mwenyewe. Katika nyama laini za mwili sauti hukimbia mita 1,540 kwa sekunde. Ikiwa vali ya moyo iko sentimita 7 kutoka kwenye fuwele, sauti itasafiri sentimita 14 kwenda na kurudi, nayo itatumia muda wa sehemu 91 za milioni ya sekunde. Mashine hupima muda huo na kuugeuza kuwa umbali. Kwa kuwa safari ni fupi hivyo, kelele zipatazo 11,000 zaweza kutumwa na kupokewa katika sekunde moja. Kila kelele huchora mstari mmoja. Mistari 200 ikipangwa kama mbavu za kipepeo cha mkono hufanya picha moja. Hivyo picha zaidi ya 50 huchorwa kila sekunde. Moyo upigao mara 70 kwa dakika huwa umepigwa picha zaidi ya 40 kabla haujamaliza pigo moja, na ndiyo sababu vali huonekana zikifunguka na kufunga kama zilivyo.

Mbona basi usipimwe moyo kwa mbele, kifuani, ambako ni rahisi kufika? Hakika hivyo ndivyo upimwavyo siku zote, na kwa wagonjwa wengi hutosha. Lakini moyo umezungukwa na maadui wawili wa sauti. Wa kwanza ni mifupa ya mbavu na kidari, ambayo hunywa sauti na kutupa kivuli nyuma yake. Wa pili, aliye mbaya zaidi, ni hewa iliyomo mapafuni. Sauti itokayo katika nyama ikikutana na hewa hurudishwa karibu yote. Kinachopenya hakifiki hata sehemu moja katika elfu. Ndiyo maana mpimaji hupaka ute baridi juu ya ngozi, ili pasibaki hata utando mwembamba wa hewa kati ya ngozi na chombo.

Kuna sababu nyingine iliyo ya kifizikia zaidi. Kadiri mitetemo inavyokuwa mingi, ndivyo wimbi linavyokuwa fupi na picha kuwa kali; lakini ndivyo pia sauti inavyochoka upesi njiani. Kutokea kifuani hutumiwa kwa kawaida megahezi 2 hadi 4, ili sauti ifike mbali. Kutokea umioni, ambako moyo uko mlangoni, hutumiwa megahezi 5 hadi 7. Kwa megahezi 5 urefu wa wimbi ni kama milimita 0.3 tu. Bonge dogo la damu iliyoganda, lisiloonekana kwa mbele, kwa nyuma huonekana wazi.

Mwaka 1976 Lee Frazin na wenzake huko Chicago walimmezesha mgonjwa fuwele iliyofungwa kwenye waya na kurekodi mwangwi wa moyo kutoka umioni. Picha kamili, zenye upana na kina, zilianza kupatikana kwa urahisi mwaka 1982 hivi, wakati madaktari wa Hamburg walipotumia safu ya fuwele ndogo ndogo iliyowekwa katika ncha ya mrija ule ule unaotumika kutazamia tumbo la chakula. Mrija wa leo una unene wa kidole na urefu wa mita moja hivi. Ncha yake hupindishwa kwa magurudumu madogo yaliyo kwenye mpini, na uso wa fuwele waweza kugeuzwa nyuzi 0 hadi 180 bila mrija wenyewe kusogea.

Kumeza mrija huo mtu akiwa macho si jambo la kufurahisha hata kidogo. Aliyelazwa kwa nusukaputi hana habari nao. Tena kifua chake kimefunikwa kwa shuka safi na kimeshikwa na mpasuaji. Hakuna nafasi ya mtu mwingine kuweka chombo hapo. Daktari wa usingizi, ambaye mahali pake ni kichwani pa mgonjwa, ana mlango mmoja tu ulio wazi mbele yake, nao ni kinywa.

Safari ya mama wa Tunduma

Chukulia mfano wa mama wa miaka 30 anayefanya biashara ndogo ya mchele hapo Tunduma. Alipokuwa mtoto aliugua koo mara kwa mara, na mara moja viungo vyake vikavimba kwa zamu, goti leo, kiwiko kesho. Hiyo ilikuwa homa ya baridi yabisi, ambayo madaktari huiita homa ya rumatiki. Huanzishwa na bakteria waitwao streptokoka. Mwili, katika kupigana nao, hutengeneza kinga ambazo huwashambulia bakteria na, kwa sababu ya kufanana kwao na nyama za mwili, huushambulia moyo pia. Viungo hupona. Vali haziponi, miaka inapopita hunenepa, hukakamaa na kushikamana kingo zake.

Vali iumiayo zaidi ni ile ya mitrali, iliyoko kati ya atiria ya kushoto na ventrikali ya kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango wake una eneo la sentimita mraba 4 hadi 6. Ukipungua chini ya 1.5 ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Mama huyu hakujua lolote mpaka alipopata mimba. Katika ujauzito ujazo wa damu huongezeka kwa karibu nusu, na mlango uliokuwa umemtosha sasa haumtoshi. Damu hurudi nyuma mapafuni, naye hushindwa kulala chali, akakohoa usiku kucha. Wangapi wametibiwa pumu au nimonia kwa miezi kabla mtu hajauweka mwangwi juu ya moyo wao, si rahisi kusema.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake ni Vwawa, iliyoko Mbozi. Upasuaji wa kufungua moyo haufanyiki mkoani humo. Mgonjwa kama huyu hupelekwa kwanza Mbeya, mwendo wa kilomita 100 na kitu, na kutoka huko hupewa rufaa hadi Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Aendapo kwa basi hukaa njiani mchana na usiku. Mwenye uwezo hupanda ndege katika Uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina lake uko Mkoa wa Mbeya. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo njia iliyokuwapo kwa wengi ilikuwa kupelekwa nje ya nchi, hasa India, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko maisha ya baadhi ya waliokuwamo.

Akishalazwa usingizi na kuwekewa mrija wa pumzi katika koo la hewa, mrija wa pili, ule wa fuwele, huteremshwa katika umio. Sentimita 30 hadi 35 kutoka kwenye meno, moyo wote hutokea katika kioo.

Jambo la kwanza litazamwalo ni atiria iliyopanuka. Ndani yake damu, kwa kukwama, huzunguka polepole, na mwangwi wake huonekana kama moshi wa kuni uliotulia chini ya paa la nyasi. Madaktari wenyewe huuita moshi. Palipo na moshi hutafutwa damu iliyoganda, hasa katika kijifuko kidogo cha atiria chenye umbo la sikio. Kijifuko hicho karibu hakionekani kwa kipimo cha kifuani, lakini kwa cha umioni hakina pa kujificha. Bonge lililomo humo likibanduka wakati mpasuaji anaposhikashika moyo laweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo.

Jambo la pili ni mwendo wa damu. Lori lipitalo Vwawa likipiga honi, mlio huwa mwembamba linapokuja na kuwa mnene linapokwenda zake. Christian Doppler alieleza kanuni hiyo mwaka 1842. Chembe nyekundu za damu nazo hurudisha mwangwi uliobadilika kwa kadiri ya mwendo wake. Kwa megahezi 5, damu iendayo mita moja kwa sekunde kuelekea kwenye fuwele hubadili mitetemo kwa karibu 6,500 kwa sekunde. Na tofauti hiyo, ikipelekwa kwenye kipaza sauti, masikio yetu huisikia.

Mwendo ukishajulikana, kanieneo hupatikana. Mto uingiapo katika mlango mwembamba huongeza mbio, na kinachousukuma ni tofauti ya kanieneo kati ya pande mbili. Kwa damu, zidisha mwendo kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 4. Jibu huja katika milimita za zebaki. Vali ya mama huyu ikipitisha damu kwa mita 2.5 kwa sekunde, tofauti hufikia milimita 25. Mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi wathibitishe ile 4 imetoka wapi: nusu ya msongamano wa damu, ambao ni kilogramu 1,060 kwa mita ya ujazo, ikigawanywa kwa paskali 133, ambazo ni milimita moja ya zebaki.

Namba hizo humwongoza daktari wa usingizi tangu dakika ya kwanza. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, ventrikali hupata zaidi ya nusu sekunde ya kujaa kupitia mlango ule mwembamba. Ukikimbia hadi mara 120, muda huo hupungua zaidi ya nusu, na damu iliyoshindwa kupita hurudi mapafuni. Kwa mgonjwa huyu woga peke yake, kabla hata ya kisu, ni hatari. Huhitaji moyo upige polepole, na mishipa isilegezwe ghafula na dawa za usingizi.

Shinikizo linapoanguka

Hapa ndipo kipimo kinapolipa gharama yake. Katikati ya upasuaji shinikizo la damu laweza kuanguka kutoka 110 hadi 60. Namba hiyo haisemi kwa nini. Damu yaweza kuwa imepungua kwa kuvuja. Misuli ya moyo yaweza kuwa imechoka. Mishipa yaweza kuwa imelegea mwilini. Damu yaweza kuwa imejaa katika mfuko wa moyo ikaubana kwa nje. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Maji mengi ya mshipani humwokoa aliyevuja damu, na maji hayo hayo humzamisha aliyechoka moyo.

Mrija husukumwa mbele kidogo mpaka tumboni, ncha ikapindwa juu, na ventrikali ya kushoto huonekana imekatwa kama kipande cha muwa. Ikiwa ndani yake hamna kitu, na kuta zake zinakutana kila pigo, damu imepungua. Ikiwa imetanuka na kuta hazisogei ila kidogo, misuli imeshindwa. Ikiwa inajaa vizuri na kujikamua kwa nguvu lakini shinikizo bado liko chini, mishipa ndiyo iliyolegea. Ikiwa utando mweusi wa damu umeuzunguka moyo, na chumba cha kulia kimekunjamana, moyo umebanwa. Haya yote huchukua dakika moja au mbili, na mpasuaji hahitaji kuinua mkono wake.

Vali ikishabadilishwa, damu ikirudishwa kutoka mashine ya moyo na mapafu, huonekana kitu ambacho aliyekiona mara moja hakisahau. Vyumba vya moyo vilikuwa wazi, hewa iliingia. Sasa viputo vyake humetameta katika kioo kama cheche zitokazo kwa mhunzi. Mgonjwa amelala chali, na hewa hupanda juu. Mshipa unaolisha upande wa kulia wa moyo huanzia mbele, yaani juu kwa mtu aliyelala hivyo, ndiyo sababu viputo huupenda. Upande wa kulia huweza kuvimba na kulegea mara moja. Daktari huwaonyesha wenzake kilipo kiputo, mpasuaji hukitoa, na mashine haizimwi mpaka cheche zimekwisha.

Kisha vali mpya hukaguliwa. Vipande vyake vinafunguka vyote? Kuna damu inayopenya pembeni ya nyuzi za mshono? Mshono uliolegea ukigunduliwa sasa hurekebishwa kwa nusu saa. Ukigunduliwa baada ya mama kurudi Tunduma ni safari nyingine ya kilomita 900 na kifua kufunguliwa upya.

Kipimo hiki si salama kabisa. Madaktari wa Boston waliochunguza wagonjwa 7,200 wa upasuaji wa moyo walitoa taarifa mwaka 2001: hakuna aliyekufa kwa sababu yake, na waliodhurika walikuwa wawili katika elfu. Madhara yenyewe ni meno kuvunjika, koo kuchubuka, na mara chache umio kutoboka, jambo ambalo ni la hatari kubwa. Aliyelala usingizi hawezi kusema kwamba anaumia. Kwa hiyo mrija usiopita kwa upole hausukumwi. Ncha nayo hupata joto kwa kutetemeka, na mashine nzuri hupima joto hilo na kujizima likizidi.

Katika Afrika Mashariki maswali ya kabla ya kipimo yana uzito wa pekee. Saratani ya umio ni ya kawaida zaidi katika ukanda utokao Ethiopia na Kenya, ukapita Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, kuliko sehemu nyingi za dunia. Kichocho cha matumbo, kilichoenea hasa kando ya Ziwa Victoria, huharibu ini na kuacha mishipa iliyovimba ndani ya umio, tayari kupasuka. Wako pia waliokunywa magadi makali au tindikali wakiwa watoto, na umio wao una kovu. Swali la kama chakula kigumu hukwama wakati wa kumeza, ambalo laonekana dogo, humwondoa mgonjwa katika hatari iliyo kubwa kuliko ile ya moyo wenyewe.

Mrija huu ni ghali, nao huhitaji kuoshwa kwa dawa maalumu baada ya kila mgonjwa na kukaguliwa usiwe na ufa. Ghali zaidi ni mtu wa kuusoma. Katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya nchini nusukaputi hutolewa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo, na madaktari bingwa wa usingizi ni wachache. Kwao chombo kilicho karibu ni kile cha kifuani, cha altrasaundi ya kawaida. Kikiwekwa chini ya kidari, kikaelekezwa juu kuelekea bega la kushoto, hupita chini ya mbavu na kuuonyesha moyo kupitia ini, ambalo ni nyama tupu isiyo na hewa. Picha yake si kali kama ya umioni. Lakini ventrikali tupu huonekana tupu, na atiria iliyopanuka huonekana imepanuka, kabla mama hajapewa dawa ya usingizi.